Sauti Moja kwa Kila Mzee: Uhakiki wa Mabaragumu ya Agwara ya West Nile kwa Masikio ya Jazi Huru

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna bendi za wazee wapigao mabaragumu ya agwara katika eneo la West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, zinavyosikilizwa na kupangiwa nafasi katika majukwaa ya umma. Hoja kuu ni kwamba muziki huu huchukuliwa kuwa urithi wa kuonyeshwa, na kwa hiyo haupati uhakiki unaostahili sanaa iliyo hai. Makala inaazima maswali ya jazi huru ya Marekani: nani anaamua, nani ananyamaza, na bendi hufanya nini mwenzao anapofariki. Maswali hayo yanatumiwa kuonyesha kwamba uhuru wa agwara umejengwa juu ya mgawanyo mkali wa sauti na juu ya kuaminiana kwa miaka mingi. Mifano ya kulinganisha imetolewa Busoga, Dar es Salaam, Addis Ababa na Chicago. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga sera wa Arua na Koboko, hususan wakati huu ambapo Kiswahili kinapewa nafasi mpya nchini Uganda.

1. Utangulizi

Katika hafla nyingi za hadhara Afrika Mashariki, kikundi cha wazee hupewa nafasi kati ya hotuba mbili. Mshereheshaji hulitaja kabila lao, huwasifu kwa kuhifadhi mila, hadhira hupiga makofi, na baada ya dakika chache wazee huombwa wampishe mgeni rasmi. Hakuna anayeuliza kama walipiga vizuri. Hakuna anayesema kwamba mpigaji wa baragumu kubwa alichelewa, au kwamba katikati ya wimbo palizuka jambo ambalo halikutarajiwa hata na wenyewe. Sifa hutolewa kwa jumla, na sifa ya jumla haimgusi mtu yeyote.

Tatizo hili ni la lugha kama lilivyo la adabu. Kiswahili kimejenga istilahi pana za kuhakiki ushairi: vina, mizani, vipande, utoshelevu. Kwa muziki wa ala usiokuwa na maneno, mhakiki wa Kiswahili hubaki na maneno machache kama "burudani", "vionjo" na "ngoma za asili". Maneno hayo hutaja furaha ya msikilizaji au asili ya mpigaji, lakini hayaelezi kinachotendeka ndani ya muziki wenyewe. Makala hii inajaribu kuziba sehemu ndogo ya pengo hilo kwa kuchukua mfano mmoja, yaani agwara.

2. Neno "jazi" na neno "huru"

Kabla ya kuendelea ni lazima kufafanua neno. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, jazi ilianza kama jina la bendi. Dar es Salaam Jazz Band, Morogoro Jazz Band ya Mbaraka Mwinshehe, Tabora Jazz na Western Jazz zilipiga dansi iliyochota kutoka rumba, na vivyo hivyo OK Jazz iliyoanzishwa mwaka 1956 katika mji ambao sasa unaitwa Kinshasa. Neno lilivuka bahari likabaki na heshima yake huku likibeba muziki mwingine.

Jazi huru ni jambo tofauti. Tarehe 21 Desemba 1960, Ornette Coleman aliingia studio jijini New York akiwa na wanamuziki wengine saba, wakagawanywa katika makundi mawili ya watu wanne wanne, wakapiga kwa zaidi ya nusu saa bila kukata. Santuri iliyotoka mwaka uliofuata iliipa mkondo mzima jina lake. Kilichoachwa ni msururu wa mwafaka wa sauti uliopangwa tangu mwanzo, ule uliokuwa ukimwambia kila mpigaji yuko wapi katika wimbo. Kilichobaki ni masikio. Kila mmoja alitakiwa kuamua papo kwa papo aingie lini, ajibu nini, na anyamaze kwa muda gani.

Mhakiki anayebeba istilahi hii hadi Afrika Mashariki anakabiliwa na mtego, na mfano bora wa mtego huo ni Getatchew Mekuria wa Ethiopia (1935–2016). Mpigaji huyu wa saksafoni alihamishia kwenye ala yake shellela, yaani majigambo ya mashujaa yatolewayo kwa sauti kali kabla ya vita. Wasikilizaji wa Ulaya walipokutana na rekodi zake walimlinganisha na Coleman na Albert Ayler, ingawa mtindo wake haukutoka kwao. Mwaka 2006 alitoa albamu pamoja na bendi ya The Ex ya Uholanzi, na ushirikiano huo ulimpa hadhira mpya uzeeni. Hata hivyo, ulinganisho ule ulificha jambo muhimu. Ukali uliosikika kama uasi dhidi ya kanuni ulikuwa ni utii kwa kanuni nyingine, ya majigambo, ambayo msikilizaji wa Ulaya hakuijua.

Kwa sababu hiyo makala hii haidai kwamba agwara ni jazi huru. Inadai jambo dogo zaidi, nalo ni kwamba maswali yaliyozaliwa na jazi huru yanamsaidia mhakiki kusikia mambo ambayo istilahi ya "ngoma za asili" imeyaziba.

3. Baragumu la noti moja

Agwara ni baragumu linalopulizwa ubavuni, na pia ni jina la muziki na ngoma inayochezwa nalo. Hupatikana kwa Waalur, Wakebu na Walugbara, pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kongo. Mabaragumu hutengenezwa kwa seti ya ukubwa tofauti, kubwa likitoa sauti nzito na dogo likitoa sauti nyembamba. Jambo la msingi ni hili: kwa kawaida kila mpigaji ana noti moja tu. Hakuna anayeweza kupiga wimbo peke yake. Wimbo hutokea pale noti ya mmoja inapodakwa na ya pili, ya pili ikadakwa na ya tatu, huku ngoma zikishikilia mapigo na wachezaji wakisogea pamoja na wapigaji.

Mbinu hii ya kupokezana inajulikana katika ukanda mpana wa Afrika. Waberta, walio mpakani mwa Sudan na Ethiopia, wana bendi za mabaragumu za aina hii, na Wabanda Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati walichunguzwa kwa kina na Simha Arom. Ili kutenganisha sehemu za muziki huo, Arom alimrekodi kila mpigaji peke yake huku akisikiliza sehemu ya mwenzake kwa vipokea sauti vya masikioni. Utafiti wake ulibaini kwamba kila pembe ina kiini chake kifupi, na kwamba mpigaji hukizungushia vibadala vingi bila kukipoteza. Matokeo hayo hayawezi kuhamishwa mazima mazima hadi West Nile, lakini yanatufundisha namna ya kusikiliza. Katika muziki wa noti moja, ubunifu hautafutwi katika noti. Unatafutwa katika wakati: noti inaingia mapema kidogo, inarudiwa mara mbili, au inaachwa wazi ili pengo lisikike.

Hapa ndipo ulinganisho na jazi huru unapozaa matunda. Mpigaji wa Coleman alikuwa na noti zote na hakuwa na njia iliyochorwa. Mpigaji wa agwara ana njia iliyochorwa na noti moja. Wote wawili wanafikia swali lilelile: nikinyamaza sasa, wenzangu watafanya nini? Kwa mpigaji wa agwara kunyamaza ni uamuzi mzito zaidi, kwa kuwa hakuna mwingine mwenye noti yake. Akiruka zamu yake, wimbo unatoboka mahali pamoja mahususi, na wengine wanapaswa ama kulizoea tundu hilo ama kuligeuza kuwa sehemu ya wimbo. Uhuru wake ni mdogo kwa upana na mkubwa kwa uzito.

Kuna desturi moja ya Walugbara inayosaidia kulielewa jambo hili. John Middleton, aliyefanya utafiti wake kwa Walugbara mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kuhusu cere, yaani mwito wa mtu binafsi unaotolewa kwa sauti ya juu na ndefu. Mwito huo ni mali ya mwenyewe, na kuupiga mwito wa mwingine si mzaha. Jamii yenye desturi hiyo tayari ina nadharia ya sauti: mtu anatambulika kwa sauti isiyoweza kukopwa. Wakosoaji wa jazi hutumia maneno mengi kueleza kwamba mwanamuziki mkubwa hutambulika kwa pumzi chache za kwanza. Katika nyanda za Arua wazo hilo halihitaji kuletwa kutoka nje.

4. Kuzeeka pamoja

Bendi ya wazee si bendi ya vijana iliyoongezewa miaka. Watu waliopiga pamoja kwa muda mrefu hujua pumzi za wenzao, na hivyo hupunguza ishara na kuongeza hatari. Faida hiyo ina gharama yake, kwani kadiri bendi inavyotegemea watu mahususi, ndivyo kifo cha mmoja kinavyosikika.

Art Ensemble of Chicago ni mfano unaojulikana. Bendi hiyo ilitokana na chama cha wanamuziki weusi wa Chicago kilichoundwa mwaka 1965, ikajulikana kwa watu watano na mamia ya ala. Lester Bowie alifariki mwaka 1999, Malachi Favors mwaka 2004, na Joseph Jarman Januari 2019. Mwaka huohuo wawili waliosalia, Roscoe Mitchell na Famoudou Don Moye, walitoa albamu ya kuadhimisha miaka hamsini wakiwa na kundi kubwa la wanamuziki wengine. Hawakumtafuta mtu wa kumuiga Bowie. Waliupanua mzunguko ili nafasi ya marehemu ibaki wazi na bado muziki uendelee.

Karibu zaidi na West Nile kuna bigwala ya Busoga, yaani mabaragumu ya mung'unye yapigwayo kwa kupokezana katika shughuli za kifalme. UNESCO iliiingiza bigwala katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura mwaka 2012, wakati ambapo walibaki mabingwa wanne tu, wote wazee. Juhudi za kuifufua, zilizoongozwa na James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, zilianzia shambani, kwa kuwa mbegu za mung'unye unaofaa zilikuwa adimu na ilibidi zitafutwe na kupandwa. Mwaka 2016 orodha hiyohiyo iliongezewa muziki wa zeze la Wamadi, majirani wa Walugbara upande wa mashariki. Hatua hizi zinastahili pongezi. Zina upungufu mmoja tu kwa mhakiki: fomu ya dharura huhesabu mabingwa waliobaki, lakini haiulizi ni wawili gani kati yao wanaosikilizana vizuri zaidi.

Mfano wa tatu unatoka Dar es Salaam. Mwaka 1993 wanamuziki wakongwe wa dansi walikusanywa katika bendi ya Shikamoo Jazz kwa msaada wa shirika la HelpAge International. Jina lenyewe ni uhakiki. Shikamoo ni salamu anayoitoa mdogo, na kila aliyelitaja jina la bendi alikuwa ameshawaamkia wazee. Hata hivyo, bendi haikuishia kuamkiwa. Ilipata ala, ikafanya mazoezi, ikarekodi, na katika miaka hiyohiyo ya tisini ilisafiri hadi Uingereza pamoja na Bi Kidude. Msaada ulioanza kama huduma kwa wazee ulitoa nafasi ya kazi, na kazi ndiyo iliyowarudishia uanamuziki wao.

Wazee wa West Nile wana historia inayowatofautisha na wote hawa. Baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979, sehemu kubwa ya wakazi wa eneo hili ilikimbilia Zaire na Sudan, na wengi walikaa huko kwa miaka. Mtu mwenye umri wa miaka 65 hivi leo alikuwa kijana wa kujifunza ala wakati huo. Kwa historia hii aina ya ala ina maana kubwa. Adungu, yaani zeze la upinde la Waalur, linaweza kwenda uhamishoni na mwenye nalo. Akikaa chini ya mwembe popote, wimbo wote uko mikononi mwake. Seti ya mabaragumu haiwezi. Wapigaji wakitawanyika katika kambi tatu, hakuna hata mmoja aliyeuchukua wimbo. Kila mmoja amechukua noti. Kwa hiyo, bendi ya agwara inapokutana tena ni zaidi ya kikundi cha utamaduni. Ni ushahidi kwamba watu wa kutosha walirudi.

5. Jukwaa la Arua, mpaka wa Koboko

Arua, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, ndiyo jukwaa la eneo zima. Vikundi kutoka Nebbi, Zombo na wilaya nyingine huitwa huko wakati wa sherehe. Ufundi wa jukwaa la kisasa unauathiri muziki huu kwa njia tatu zinazoweza kuhakikiwa waziwazi.

Ya kwanza ni mstari. Jukwaa hutaka wapigaji waielekee hadhira, wamepangwa bega kwa bega. Muziki wa kupokezana huhitaji watu waonane au angalau wasogee pamoja. Mzee aliyesimama mwisho wa mstari humsikia jirani yake mmoja tu na kuwakisia wengine.

Ya pili ni kipaza sauti. Kipaza sauti kimoja kikiwekwa mbele ya baragumu moja, spika hupeleka uwanjani noti moja inayojirudia, na wimbo hubaki jukwaani. Hadhira husikia kelele, kisha husema kwamba muziki wa wazee hauna mahadhi. Kosa ni la fundi mitambo, lakini lawama humwangukia mzee.

Ya tatu ni saa. Bendi ya aina hii huanza kwa kutulia juu ya mzunguko. Vibadala huja baadaye, kila mtu anapokuwa na hakika na wenzake. Dakika saba hadi kumi, kama ilivyozoeleka katika mashindano, huruhusu kuonyesha mzunguko na kuukata kabla muziki haujaanza. Mfumo wa mashindano ya shule ya muziki, ngoma na maigizo umelea vipaji vingi Uganda, lakini umezoesha hadhira kutoa alama kwa mavazi, usawa wa hatua na nadhifu ya kuingia na kutoka. Vigezo hivyo humpa alama nyingi mtu asiyethubutu lolote.

Adungu imepita mtihani huu kwa kubadilika. Imetengenezwa katika familia ya ukubwa mbalimbali hadi besi, ikasikika makanisani na mahotelini. Mhakiki hana sababu ya kuikebehi safari hiyo. Agwara haiwezi kuifuata bila kupoteza kiini chake, kwa sababu mtu akipewa noti zote, sababu ya kumsikiliza mwenzake imekwisha.

Koboko, wilaya tangu mwaka 2005, inaleta swali lingine. Hapa Wakakwa wamegawanywa na mipaka ya nchi tatu, na Wanubi wana ngoma yao ya doluka na lugha yao ya Kinubi. Sokoni mtu husikia Kikakwa, Kilugbara, Kiarabu cha Juba, Lingala na Kiswahili kabla hajamaliza kununua chumvi. Mpaka huu ni mchanga. Eneo hili lilikuwa chini ya Kongo ya Mfalme Leopold hadi mwaka 1910, likawa chini ya Sudan, na likaingizwa Uganda mwaka 1914. Muziki unaopigwa Koboko una wasikilizaji wasioshiriki lugha moja ya mama, na mara nyingi lugha ya kuujadili ni Kiswahili.

Hapa sera ya lugha inakutana na sera ya utamaduni. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Kwa wazee wengi wa West Nile, Kiswahili kina kumbukumbu mbili: cha askari na cha biashara na ukimbizi wa Kongo. Kikija sasa kama lugha ya fomu za maombi ya ruzuku, kitapokewa kama amri nyingine. Kikija kama lugha ambayo ndani yake mzee anaweza kuambiwa kwa usahihi alichokifanya usiku ule kwa baragumu lake, kitapata kumbukumbu ya tatu.

6. Hitimisho

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Methali hiyo ni ya baraza, na katika baraza ni kweli. Katika muziki, wazee wanaweza kuharibu kama mtu yeyote: pumzi hupungua, zamu husahaulika, uzoefu hugeuka mazoea. Kuwaondolea wazee uwezekano wa kukosea ni kuwaondolea pia uwezekano wa kufanya vizuri. Heshima inayowastahili ni ile ya kusikilizwa kwa makini kiasi cha kuweza kutofautisha usiku mmoja na mwingine.

Kutokana na uhakiki huu, makala inapendekeza mambo manne. Kwanza, waandaaji wa hafla za Arua na Koboko watenge walau saa moja kwa bendi moja, wakipunguza idadi ya vikundi ikibidi, na wawaache wapigaji wapange duara lao. Pili, malipo yatolewe kwa kila mpigaji kwa jina lake. Pale ambapo kila mtu ndiye mwenye noti yake pekee, bahasha moja kwa "kikundi" inapingana na muundo wa muziki wenyewe. Tatu, rekodi alizofanya Klaus Wachsmann alipozunguka Uganda katikati ya karne iliyopita, ambazo nakala zake zimo katika hifadhi yenye jina lake Chuo Kikuu cha Makerere, zisikilizwe Arua, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Muni, wazee wakiwa wahakiki. Nne, utekelezaji wa Sera ya Taifa ya Utamaduni ya mwaka 2006 uongezewe kigezo ambacho haukipimi: vijana wangapi wamepewa noti ya kushika wakati mwenye nayo angali hai wa kuwasahihisha.

Pendekezo la nne ndilo la haraka. Mwimbaji akifariki, nyimbo zake zinaweza kuimbwa na mwingine aliyezisikia. Mpigaji wa agwara akifariki bila mrithi, waliobaki wanaujua wimbo wote na hawawezi kuupiga.